Karatasi Niliyoikata na Kadi Uliyoibadilisha

Skola,

Una kichwa cha kuongea na mashine, lakini huna mdomo wa kuongea na msimamizi wako. Aibu! Siku tisa umekaa hapa kwangu, umekula mbaazi zangu, umelalia mto wangu, na kila nikikuuliza, "Utamwambia lini?" unanyanyuka kwenda kuchota maji. Mitungi yote imejaa. Mpaka mbuzi wamechoka kunywa. Basi leo naandika, maana karatasi huwezi kuikimbia kwenda mtoni.

Tena naandika mwenyewe. Sikumwita katekista anishikie kalamu. Kalamu hii niliipata kwenye kisomo cha watu wazima, nikiwa na wajukuu tayari, na mwalimu wetu alikuwa binti wa darasa la saba aliyenigongea rula mezani kila nilipokosea. Herufi zikienda upande, inamisha kichwa usome hivyo hivyo.

Umeteremka kwa mama yako mkubwa kuaga, na nakujua, ukifika kule hutoki mpaka wakupikie. Nina muda. Sitaandika habari za nguo wala za chakula cha safarini. Mtu mzima wa kazi ya serikali asiyejua kufunga begi lake, mimi bibi nitamsaidia nini? Nitaandika jambo moja tu, na ndani yake kuna kosa langu ambalo hujapata kulisikia, na sehemu yake moja hata mama yako haijui.

Kwanza nikurudishie hadithi yako, nione kama nimeielewa, maana nyinyi mliosoma mkielezwa na wazee mnasema wazee hawakuelewa.

Siku ile ya tatu tulikuwa tunapukuchua maharage, ukaleta lile boksi la viatu ukalifungua mbele yangu. Ndani hakuna viatu. Kuna kadi za karatasi ngumu zenye matundu, zimefungwa mpira vifurushi vifurushi. Nikasema, "Mwanangu, umefanya kazi Dar es Salaam mwaka mzima ukaniletea karatasi zilizoliwa na panya?" Ukacheka mpaka maharage yakamwagika. Ndipo ukanieleza kwamba mashine yenu haisikii lugha ya mtu, inasoma matundu. Kadi chache zikifungwa pamoja ni maagizo ya kazi moja, na ukishakuwa na kifurushi kizuri huhitaji kuanza upya kila siku. Unakichomoa kwenye boksi unakipachika kwenye kazi mpya.

Ukanionyesha kimoja kimoja. Hiki kinachukua orodha, kila aliyemo kinamfanyia jambo lile lile. Nikakwambia hicho ni mimi na vifungo: mashati sitini, kila shati vifungo sita, sichagui. Hiki kinatenga wanaotakiwa na kuwaacha wengine. Nikasema hicho ni mimi nikikagua mashati, lenye tundu linakaa kushoto. Hiki kinachukua wote kinawafanya kitu kimoja mwishoni. Hicho kikanishinda, ukasema, "Bibi, ni kama kukunja mashati yote yakawa furushi moja." Nikakielewa. Halafu ukasema neno lililonikaa: kifurushi kizuri ukikipa kitu kile kile mara mia, kinakujibu lile lile mara mia, na hakigusi chochote kingine mezani.

Nikakujibu, "Basi kina tabia kuliko wanaume wa kijiji hiki."

Ulicheka kidogo tu. Ukaanza kupukuchua maganda matupu. Nikajua kuna kitu. Ndipo ukauliza, "Bibi, mtu akikosea, mwenzake akalaumiwa, lakini hajafukuzwa bado, si jambo linaweza kuisha lenyewe?"

Jambo lenyewe ni hili. Pale ofisini kuna vifurushi vya wote, vinakaa kwenye kabati, kila anayefanya kazi anaazima na kurudisha. Kimoja kazi yake ni kuyapima majina ya watu yaingie kwenye nafasi yake, herufi ishirini. Wewe ulikuwa na orodha ya vijiji yenye nafasi ndogo, ukataka herufi kumi na mbili. Ungeweza kutoboa kadi yako nyingine ukatengeneza kifurushi chako. Ukaona uvivu. Ukachomoa kadi moja kwenye kifurushi cha wote, ukapachika yako, kazi yako ikatoka vizuri, ukakirudisha kabatini hivyo hivyo.

Kesho yake Mwajuma akakichukua. Mwajuma huyo huyo binti wa Tanga aliyekupa nusu ya kitanda chake hosteli ulipofika huna godoro. Alikuwa na orodha ya walimu wapya na shule wanazopelekwa. Walimu wawili, wote Christina, wote baba zao Joseph, wanatofautiana jina la mwisho tu. Mashine ikawakata wote wakabaki Christina Jo, ikawaona mtu mmoja. Mmoja akapelekewa barua ya mwenzake akafunga safari mpaka kusini kwenye shule isiyokuwa yake. Mwingine hakupata barua kabisa, amekaa kwao mpaka leo anadhani serikali haimtaki. Na si hao tu, wamekwishaonekana wengine. Jina la Mwajuma ndilo lililoandikwa kwenye kazi hiyo. Ijumaa hii anakaa mbele ya kikao. Na msimamizi amekwisha kukudokeza kwamba akiondolewa, kiti chake ni chako.

Nimekosea mahali? Sijakosea.

Ukaniambia, "Bibi, ni kadi moja tu."

Kaa chini sasa. Na mimi nilikata upana wa kidole kimoja tu.

Unakumbuka kile chumba cha bati nyuma ya ghala la kijiji, palipokuwa na cherehani nne? Ulikuwa darasa la kwanza, ulikuwa unakuja kuokota vipande vya kitambaa vya kushonea midoli. Ndipo ilipokuwa shughuli yetu akina mama. Tulihamia kijiji cha ujamaa kutoka mlimani, kila kundi likapewa kazi yake, sisi tukapewa sare za shule. Kitambaa kilikuja kwa mgawo, majora matatu, na ukikiharibu hakuna dukani pa kukimbilia. Kwa hiyo ukataji ulikuwa wa mtu mmoja, naye alikuwa Agnesta.

Humkumbuki Agnesta. Alikuwa mwembamba, mkali, mkono wake ukishika mkasi hautetemeki. Karatasi za kukatia zilikuwa zetu sote, tulizitengeneza kwa mifuko ya simenti: moja ya mgongo wa shati, moja ya mbele, moja ya mkono, moja ya kola. Zilining'inia msumarini. Hatukujua kuandika wakati ule, kwa hiyo ya mgongo ilikuwa na mkato mmoja pembeni, ya mbele mikato miwili, ya mkono mitatu. Mtu yeyote akiingia anajua.

Sasa mjomba wako Kosta alikuwa mtoto mkondefu, shati lolote likimwingia linakuwa kama shuka. Nikapata kipande cha kitambaa, nikataka nimshonee lake. Ningeweza kuilaza ile karatasi ya mgongo juu ya gazeti, nikachora, nikakata gazeti. Kazi ya dakika chache. Nikaona uvivu, kama wewe. Nikachukua mkasi nikapunguza karatasi yenyewe, upana wa kidole, nikakata shati la Kosta, nikairudisha karatasi msumarini. Na yale masalio ya karatasi nikayatia jikoni.

Wewe hujui kushona, kwa hiyo nikueleze. Karatasi ya mgongo ni nusu ya mgongo. Kitambaa hukunjwa mara mbili, karatasi ikawekwa kwenye kunjo. Kidole kimoja kwenye karatasi ni vidole viwili mgongoni mwa mtoto. Na Agnesta alikuwa hakati shati moja moja, alikuwa analundika kitambaa tabaka kwa tabaka. Asubuhi alipokata, alikata migongo yote ya shule.

Wakati wa kuunga tuliona mbele na nyuma hazilingani. Tukavuta. Unajua kuvuta kitambaa ili kifike? Mimi mwenyewe nilivuta, huku najua. Tukapiga pasi, mashati yakakaa sawa kama hayana neno. Ikafika siku ya mgeni wa wilaya. Watoto wamepangwa mistari, wameng'ara, mwalimu anawaambia nyanyueni mikono juu muimbe. Wakanyanyua. Prrr! Mistari yote. Mishono ikaachia migongoni kama mahindi yanayokaangwa. Watoto wengine wanacheka, wengine wanalia, mgeni ametazama pembeni asionekane anacheka.

Jioni kikao. Mwenyekiti akasimama. "Ndugu Agnesta, mali hii ni ya wananchi. Umefanya hujuma."

Agnesta akasema, "Mimi nimekata kwa kufuata karatasi."

"Karatasi imekosa chakula gani hata ikakonda?"

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, Skola. Hilo ndilo ambalo sijamwambia mtu mpaka leo. Kukaa kimya wengi hukaa kimya. Mimi nilicheka, tena nilicheka kwa sauti, ili nionekane simo.

Agnesta aliondolewa kwenye mkasi akapelekwa kwenye palizi ya shamba la kijiji. Mkasi nikapewa mimi. Ndiyo. Kiti chake kikawa changu, kama kile unachodokezwa wewe. Nikakaa nacho misimu miwili ya mpunga. Nikajiambia kazi ni nzuri, mashati yanatoka vizuri, jambo limekwisha. Halikwisha hata siku moja. Kila nilipofungua ule mkasi niliona tundu lake la kidole lilivyochakaa kwa ukubwa wa dole gumba la mwenzangu, si langu.

Siku nikaamka nikaenda shambani. Nikamkuta na jembe. Nikasema, "Agnesta, ile karatasi niliikata mimi."

Hakusimamisha jembe. Akasema, "Mama Teresia, nilikuona ukitia masalio jikoni. Nilikuwa nasubiri mdomo wako."

"Mbona hukusema kwenye kikao?"

"Ningesema mimi, wangesema najitetea. Ulitakiwa useme wewe."

Nikaenda nikasema mbele ya kijiji. Na usidhani walinila nyama. Mwenyekiti alinikaripia kidogo, wakaniambia nimefanya vizuri kusema, wengine wakapiga makofi. Makofi! Mimi niliyekosa nikapigiwa makofi, na yeye asiyekosa alikuwa amekwisha kula misimu miwili ya jua. Nikampelekea mkasi kwa mikono miwili. Akatazama viganja vyake, vimekuwa vigumu kama gamba, akasema, "Kaa nao. Huu mkono sasa ukishika kitambaa unakikwaruza." Baadaye alihamia Mikese kwa kaka yake. Kila basi ninalopanda likipita pale mimi hutazama upande wa pili wa barabara.

Sasa umejua kwa nini ulipokuwa mdogo nilikuchapa ulipochezea karatasi zangu za kukatia. Ulidhani bibi ana roho mbaya.

Tangu hapo nilishona kwa namna nyingine, na hili nakupa kwa kujivuna kabisa, maana ndani ya miaka yote iliyofuata hakuna shati lililopasuka kwa ajili yangu. Karatasi ya wote ilikaa msumarini, na mkasi ulikaa upande wa pili wa chumba, makusudi, mtu akitaka kuikata atembee kwanza akifikiri. Akija mtoto mnene, mkondefu, mwenye bega moja juu, nachora kwenye gazeti, nakata gazeti. Ya asili haijui hata kwamba mtoto huyo alizaliwa. Nilipojua kuandika nikaandika juu ya kila gazeti: ni ya nani, inatoka karatasi gani, nimepunguza wapi. Nikawa na rundo. Mtu akija na mwili kama wa fulani, natoa ya fulani, sianzi upya. Wewe una boksi la viatu, mimi nilikuwa na debe. Tofauti iko wapi?

Na kila kipande kikae na kazi yake. Mkono wa shati unapokea kitambaa unatoa mkono, basi, hauendi kugusa kola ya watu. Kuna wakati Felista, yule jirani yangu wa cherehani ya pili, alitengeneza karatasi moja ya mkono na mfuko na kola kwa pamoja, akasema ni kuokoa muda. Ilipotakiwa kola peke yake ikabidi achane yote. Vipande vidogo vidogo, unaviunga unavyotaka: mkono wa hili, kola ya lile, shati jipya limetoka. Ulipokuwa unanieleza vifurushi vyako ukiviunga kimoja baada ya kingine, nilitamani nikunyang'anye hayo maneno, maana niliyajua na sikuwa nimeyapatia jina.

Wala sikukatazi kuipendezesha meza yako. Uliniambia kuhusu ile kadi unayoizungushia kwenye kipipa kidogo ndani ya mashine ya kutobolea, mashine ikawa inaruka yenyewe sehemu usizozitaka, wenzako wanatoboa kadi moja wewe umemaliza tatu. Hapo nilifurahi, na ningekuwa mtu wa kusifia ningekusifia. Na mimi cherehani yangu niliiwekea ubao chini maana miguu yangu mifupi, mpini wake nikauviringishia kitambaa usinichubue, na kwenye bati la sindano nikakwaruza mstari kwa msumari, upana wa mshono, macho yasisumbuke kupima. Mtu na chombo chake lazima wazoeane. Asiyekitengeneza chombo kikamfaa ni mvivu wa aina nyingine.

Lakini siku moja nilikaza skrubu ya uzi kwa ajili ya kaki nzito, nikaondoka sikuirudisha wala sikusema. Felista akakalia cherehani yangu na kitambaa cha gauni. Uzi unakatika, anatunga, unakatika, anatunga. Mchana namkuta amevaa rozari shingoni, anasema mkono wake umerogwa. Nikailegeza skrubu, akanirushia bobini. Alikuwa na haki. Kilicho chako, ukinyanyuka kitini, kitoe uende nacho. Kilicho cha wote kirudishe kama ulivyokikuta, au fungua mdomo useme umekigusa wapi.

Najua unachoogopa. Unaogopa watasema, tulimwamini msichana wa mlimani tukampa mashine ya serikali. Waache waseme. Watasema siku mbili. Mimi walinisema nikiwa nimekaa pale pale na mkasi mkononi, na sare za watoto zikaendelea kutoka. Wewe unajua kazi, Skola. Aliyejua kuibadilisha ile kadi anajua kuirudisha, na hakuna mwingine ofisini kwenu anayejua ilibadilishwa ipi. Hata wakimfukuza Mwajuma, kifurushi bado ni kibovu na kitakata majina ya watu wengine wiki ijayo. Wanakuhitaji uwaambie, hata kama hawajui kwamba wanakuhitaji.

Na Mwajuma usimdhanie mjinga. Analala kitanda kimoja na wewe. Inawezekana anajua kama Agnesta alivyojua, anangoja tu. Mimi nilimngojesha mwenzangu misimu miwili. Wewe umemngojesha siku tisa. Bado vidole vyake havijawa vigumu, bado anaweza kukaa mbele ya ile mashine akafanya kazi anayoipenda. Hiyo ndiyo bahati ambayo mimi sikuiacha ibaki.

Nasikia mbwa wa kwa mama yako mkubwa wanabweka, sijui ndiyo unatoka. Barua hii naiweka ndani ya boksi, juu ya kadi, uikute kabla gari halijaacha milima.

Kesho panda basi la kwanza, ofisi utaikuta bado wazi. Usipitie hosteli kuoga wala kubadili nguo. Nenda na vumbi lako. Usiingie kwa msimamizi peke yako ukamnong'oneza. Mwite Mwajuma kwanza, asimame hapo hapo asikie kwa masikio yake. Mwamkie mzee shikamoo, kisha sema, "Ile kadi niliibadilisha mimi, Mwajuma hakukosa." Usianze na "lakini." Irudishe mbele yao ile kadi uliyoichomoa, weka mezani kifurushi cha wote kikiwa na herufi zake ishirini, na pembeni weka chako cha kumi na mbili, kimeandikwa jina lako kwa herufi kubwa. Halafu kaeni wote wawili mbele ya mashine, mpitishe upya orodha nzima ya walimu, na msinyanyuke mpaka Christina wote wawili wametoka na majina yao kamili, kila mmoja na shule yake.